Chumba cha Mahindi

Mtoto wa mdogo wangu aliishi siku kumi na tisa. Kwa wakwe wa mdogo wangu, huko Nakwa, walisema mama yake alimlalia. Mama yake mwenyewe aliamini hivyo. Mimi nilijua kwamba sivyo, nilijua tangu asubuhi ile ile, na nikakaa kimya miezi minne. Kazi yangu ni kufundisha kemia. Naandika haya nikiwa na hasira, na mtu ninayemkasirikia zaidi ndiye huyu aliyeshika kalamu, kwa hiyo msomaji asitegemee lugha ya upole.

Kidato cha pili na cha tatu huwa nawafundisha aina za mmenyuko wa kikemikali. Utaratibu unataka nifundishe kwa Kiingereza, na mkuu wa shule akiwa barazani nafundisha kwa Kiingereza, tena kwa sauti. Akishaingia ofisini narudi kwenye Kiswahili. Mtoto ametoka kwao Maisaka asubuhi bila chai, nyumbani wanaongea Kiiraqw, sasa ukimrundikia na Kiingereza juu yake si unamtesa bure?

Nilikuwa na mfano wangu mmoja maarufu. Nilikuwa nawaambia kwamba mmenyuko ni habari ya ndoa tu. Wawili wakikutana wakaoana, huo ni muungano: magnesiamu na oksijeni wanaingia motoni wawili, wanatoka kitu kimoja, majivu meupe. Moto ukiwazidi walio pamoja wakaachana, huo ni mtengano: choma jiwe la chokaa uone, hewa inaondoka zake na chokaa inabaki peke yake. Akija bwana mwenye nguvu akamfukuza mume dhaifu nyumbani kwake, hiyo ni kuondoana, ndivyo zinki inavyoitoa shaba bila haya. Halafu zipo ndoa mbili zinazokutana mnadani zikabadilishana wake, kila mmoja anarudi nyumbani na wa mwenzake. Huko ni kubadilishana. Hapo darasa lote linakufa kwa kicheko, wa nyuma wanapiga meza, na lazima msichana mmoja atasema, "Mwalimu, hiyo siyo ndoa, huo ni uhuni!"

Nilijivunia mfano huo kupita kiasi. Walimu wengine walikuja kusimama dirishani wanisikilize. Maabara tunayo, ina mabomba yasiyotoa maji na chupa ambazo lebo zake zimeliwa na mende, kwa hiyo mmenyuko wetu mwingi ulikuwa wa chaki na kicheko. Wanafunzi wakafaulu, mimi nikasifiwa. Nilikuwa mjinga mwenye cheti, na wajinga wa namna hiyo ndio hatari zaidi, maana watu huwasikiliza.

Mwaka juzi mdogo wangu wa mwisho alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Kwetu mwanamke akipata mtoto wa kwanza anarudi kwa mama yake, alishwe, akandwe kwa maji ya moto, apate nguvu ndipo arudi kwa mumewe. Basi akaletwa Bonga kwa baba na mama, na mama akampa chumba cha ndani.

Chumba hicho tangu zamani tunakiita chumba cha mahindi. Mahindi hayalali nje kwetu. Ukiyaacha bandani umewawekea wezi, watakuja na mkokoteni na kukuachia mlango wazi. Kwa hiyo yanalala na watu, magunia yamepangwa ukutani, kitanda pembeni. Mimi mwenyewe nimelala humo utoto wangu wote. Ndicho chumba chenye joto kuliko vyote, kwa sababu magunia yanazuia baridi na dirisha lake ni dogo kama daftari. Mama akaliziba hilo dirisha kwa blanketi kuukuu, maana mtoto mchanga hatakiwi kupigwa na upepo. Hilo hakuna mwanamke wa kule atakayekubishia.

Mwaka huo dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, walikuwa hawasemeki. Zamani tulichanganya mahindi na majivu, baadaye tukaanza dawa ya unga. Baba akanipigia simu siku ya Alhamisi.

"Mwalimu," akasema. Baba yangu ameniita mwalimu tangu nilipopata cheti, jina langu alishalisahau. "Huu unga siku hizi dumuzi wanaoga nao. Nasikia kuna vidonge. Wewe ndiye mwenye elimu ya dawa, niletee."

Nikaenda duka la pembejeo karibu na stendi. Muuzaji akanitolea vidonge kumi na viwili kutoka kwenye kopo, akavifunga kwenye nailoni, akapiga fundo. Maelezo yalibaki kwenye kopo lake. Wala sikuyahitaji, nilijua ni nini: alumini fosfaidi. Ungeniamsha usingizini ningekuandikia mlinganyo wake. Kidonge kikikutana na unyevu kinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu, panya, na kila kinachovuta pumzi.

Ijumaa jioni nikapanda bodaboda mpaka Bonga. Nilikuwa na rundo la mitihani ya majaribio ya kusahihisha, nikamwambia kijana wa pikipiki asizime injini. Baba akanijia mpaka barabarani.

"Shikamoo, baba. Sikiliza. Kimoja kwa kila gunia. Usikishike kwa mkono mtupu. Funga gunia, na pafungwe kabisa, hewa isipite hata chembe, ikipita dawa imekwenda bure. Usifungue mpaka wiki iishe."

"Marahaba. Nimekusikia, Mwalimu."

Basi. Nikapanda, nikaondoka.

Sikumuuliza atapafunga wapi. Nikitaka kujitetea nitasema nilidhani atayapeleka bandani. Uongo mtupu! Sikudhani chochote. Nilikuwa natamka maelezo jinsi mwanafunzi anavyotamka kanuni aliyoikariri, na akili yangu ilikuwa kwenye mitihani. Mtu aliyekulia kwenye chumba kile, aliyemwona mdogo wake amelala mle na kichanga wiki iliyopita, alisimama barabarani akamwambia baba yake afunge hewa isipite. Kila kitu nilikisema ila kimoja: mtu asilale humo.

Jumamosi asubuhi baba alifanya alichoagizwa. Alivaa nailoni mikononi, akatia kidonge kimoja kimoja, akashona midomo ya magunia. Kisha akakunja gunia tupu akaziba pengo la chini ya mlango. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye, tena kwa sifa, jinsi mzee alivyofuata maneno ya mwanawe bila kuacha hata moja.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kuwasalimia. Mlango wa chumba ulipofunguliwa nikakutana na harufu ya kitunguu saumu, nikacheka.

"Mama, huyu mzazi mmempaka kitunguu saumu mpaka ukutani?"

"Nyamaza wewe," mama akasema, "supu ya mzazi unaijulia wapi?"

Kweli supu ilikuwepo, na kitunguu saumu kilikuwemo. Mdogo wangu alikuwa ameegemea magunia, uso umemparara.

"Kaka, kichwa kinanipasuka tangu jana," akaniambia. "Na leo nimetapika mara mbili."

"Uzazi huo," nikamjibu. "Kula, ulale."

Nikambeba mtoto. Alipiga chafya, sote tukamwombea heri. Alikuwa bado hajabatizwa, tulikuwa tunabishana jina. Nikamrudisha kwa mama yake, nikatoka, na nikafunga mlango vizuri nyuma yangu, mtoto asije akapigwa na upepo.

Fosfini ina harufu ya kitunguu saumu. Hiyo ipo kwenye vitabu, na mimi vitabu nimevisoma.

Jumatatu alfajiri mama akapiga simu, analia tu. Nilipofika Bonga wanawake wa jirani walikuwa wameshajaa. Mtoto alikutwa amekufa chini ya mkono wa mama yake. Mama yake alikuwa hai, lakini aliamshwa kwa kutikiswa na kumwagiwa maji, na alipoamka hakujua yuko wapi. Walikuwa wamemleta sebuleni, amekaa sakafuni, anaangalia mikono yake.

Wakanituma nikatoe benchi lililokuwa chumbani, waombolezaji wapate pa kukaa. Nikaingia peke yangu. Ile harufu ikanipokea, na safari hii hapakuwa na supu. Gunia la karibu na kitanda lilikuwa limechanika chini, na sakafuni, hatua moja kutoka mto wa kitanda, palikuwa na unga wa kijivu kidogo tu, kama majivu ya sigara. Hayo ndiyo mabaki. Kidonge kikishamaliza kazi yake kinabaki unga wa namna hiyo.

Mlinganyo ukajiandika wenyewe kichwani, sikuuita. Alumini inaachana na fosforasi na kushikana na nusu ya maji, na hidrojeni ya maji inaondoka na fosforasi. Kubadilishana. Ile ya mwisho, ya mnadani, inayowavunja mbavu watoto wa watu. Nikasimama pale nikajiuliza kama mtahini: maji yalitoka wapi? Mahindi yenyewe hayakukauka sawasawa, mvua za mwisho zilichelewa. Sufuria ya maji ya kukandia ilikuwa inafuka humo asubuhi na jioni. Na pumzi zao. Mtu akitoa pumzi anatoa na maji, hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Kila walipopumua, mdogo wangu na mwanawe walikuwa wanakiongezea kidonge kile nguvu ya kuwaua.

Nikang'oa blanketi dirishani. Nikatoka nje na benchi, nikawaambia watu kwamba chumba kina joto mno, na nafasi ni ndogo, hebu wanaume tusaidiane kutoa magunia. Sababu ya uongo kwa kazi ya kweli! Baba akawa wa kwanza kuinama na kubeba. Hakuuliza kwa nini. Magunia yote yakaenda bandani, na nikajiambia kwamba angalau wengine nimewaokoa.

Wakwe walifika kutoka Nakwa kabla ya saa nne. Mama mkwe wake si mtu mbaya, namsema kwa haki. Lakini uchungu hauna adabu. Alikaa mbele ya mdogo wangu, akamuuliza, "Mwanangu, huo ulikuwa usingizi wa namna gani?"

"Nilimlalia, mama," mdogo wangu akajibu. "Nilisikia mkono mzito, nikashindwa kuuinua. Nilimlalia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mita tatu kutoka alipo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama baba, ameinamia fimbo yake, na nikalimeza.

Tukamzika mtoto mchana ule ule, nyuma ya nyumba.

Sababu zangu? Nilikuwa nazo, tena nyingi na nzuri. Mzee ana miaka sabini na kitu, ana presha. Nikimwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyotia dawa iliyomuua mjukuu, tutazika wawili. Hiyo nilijirudia kila siku mpaka nikaiamini. Nyingine sikujiambia kwa sauti: kwamba mimi ndiye niliyenunua, mimi ndiye niliyesema hewa isipite, mimi, mwalimu wa kemia niliyesimamiwa madirishani na walimu wenzangu. Mji wote ungesema. Kumwonea baba huruma ilikuwa kweli, sikatai. Lakini nilijificha nyuma ya presha ya mzee jinsi mtu anavyojificha mvua chini ya paa la jirani.

Mdogo wangu akarudi Nakwa. Alipotoka kwenye kile chumba kichwa kilipona ndani ya siku mbili tu, na hata hilo hakuna aliyelishangaa. Kilichokuja badala yake ni kwamba hakulala tena akiwa amejinyoosha. Alilala ameketi, mgongo ukutani, mikono ameikumbatia kifuani ili isimwangukie mtu. Mtu gani, na kitandani alikuwa peke yake? Mumewe alihamia chumba cha pili, akisema anampa nafasi. Kwenye jumuiya ya kanisa, akikaa karibu na mwanamke mwenye mtoto, mwanamke huyo atakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni. Ya usiku aliniambia mumewe, haya mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nilikwenda kumwona kila mwezi nimebeba sukari na mchele. Kaka mwema, jamani!

Mwezi wa tatu baada ya msiba akaja kwangu Maisaka, Jumamosi mchana, kwa miguu. Alikataa chai.

"Kaka, wewe umesoma," akasema. "Naomba uniambie ukweli. Mtu aliyelala anaweza kuua bila kusikia? Hata kidogo? Kwa sababu mimi najaribu kukumbuka kama alilia, na sikumbuki. Mtoto wangu alilia, mimi nikalala?"

Hakulia. Nilijua hakulia, gesi ile haimpi mtoto wa siku kumi na tisa nafasi ya kulia. Ningeweza kumpa angalau hilo.

"Mungu ndiye ajuaye," nikasema.

Akanishukuru. Akasimama, akafunga khanga yake, akarudi Nakwa kwa miguu. Nilimwangalia mpaka alipokata kona kwenye kibanda cha chipsi, na nilikuwa na muda wote wa kumwita.

Shuleni nilikuwa nimefika tena kwenye ile mada. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza, nikasoma kwa Kiingereza, basi. Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kaka yangu alisema kuna ile ya ndoa. Tuambie ile ya ndoa!" Darasa likaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikapiga meza kwa ngumi mpaka chaki ikaanguka, nikawaita wapumbavu, nikatoka nje na kuwaacha. Hawakunikosea chochote wale watoto, na hata msamaha sijawaomba.

Mwezi wa nne tangu msiba, Ijumaa, mume wa mdogo wangu akanipigia.

"Shemeji, njoo uongee naye, wewe anakusikiliza. Anasema Jumatatu anakwenda hospitali kufunga kizazi. Amenibembeleza niende nikaweke sahihi. Anasema hastahili kupewa mwingine, atamuua naye."

Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Sikulala, lakini nisijipambe kwa hilo, kukosa usingizi hakumsaidii mtu. Nilijua lazima niseme, na nilijua siwezi kumtaja baba bila baba kujua. Jumamosi asubuhi nikaenda Bonga. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje, anapepeta mbaazi, mama amekwenda kisimani. Nikamwamkia, nikakaa chini, na maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea.

"Baba, vile vidonge."

Akaendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Panya," akasema.

"Panya gani?"

"Watatu. Asubuhi ile, mama yako alipopiga kelele, mimi ndiye niliyemwinua mdogo wako. Chini ya kitanda nikaona panya watatu wamekufa. Hawakula kitu, walikuwa wamelala tu pale. Nikawatoa kabla watu hawajaja, nikawafukia nyuma ya choo."

Nikamtazama. "Kwa hiyo ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua. Niliona mtoto, nikaona panya, nikajua." Aliongea taratibu. "Wewe nilidhani hujui. Nikasema, huyu akijua kwamba ni dawa aliyoileta kwa mkono wake, atashindwa kusimama mbele ya watoto wa watu. Atapoteza kazi, labda atapoteza akili. Nikanyamaza kwa ajili yako, Mwalimu."

Loo! Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, halafu nikalia na baba akalia. Miezi minne kila mmoja wetu alikuwa anamfichia mwenzake kitu kilekile na kujiona mtu mwema. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kubeba magunia. Tukakaa pale tukaambiana yote, presha yake, kazi yangu, aliyoyaota yeye, niliyoyaogopa mimi. Ilipita kama nusu saa ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja mdogo wangu.

"Jumatatu anakwenda kufunga kizazi," nikasema.

Baba akauokota tena ungo. Akasema, "Nenda wewe. Miguu yangu haitafika."

Miguu yake inafika shambani kila siku, na shamba liko mbali. Lakini sikubishana naye. Wazee nao huogopa.

Nakwa nilifika saa tisa. Mdogo wangu alikuwa barazani anachambua maharage, mama mkwe jikoni, mumewe hakuwepo. Akaniletea stuli. Nikamwambia sitakaa, nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitaanza kuuliza habari za mvua. Nikamweleza. Vidonge, unyevu, gesi, harufu. Kwamba kichwa kilichomuuma na kutapika kwake vilikuwa hiyo gesi. Kwamba mkono wake ulikuwa mzito kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakufa. Kwamba hakumlalia mtoto, na mtoto hakulia.

Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Jiwe huku, harage kule.

"Nani aliinunua?" akauliza.

"Mimi."

"Nani aliitia?"

"Baba."

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ile. Nilipoingia kuchukua benchi."

"Na baba?"

"Asubuhi ile ile."

Mikono ikasimama. "Mama?"

"Mama hajui."

"Kwa hiyo mama anaamini," akasema. "Mama aliponiogesha siku ya msiba aliniambia, mwanangu, hata mimi nusura nikulalie ulipokuwa mchanga, nakusamehe. Mama mkwe wangu alinisamehe kanisani, akanishika mkono mbele za watu. Mume wangu alipiga magoti, akasema amenisamehe. Paroko alinisamehe. Wote, kaka. Nimekwenda kwa kila mtu kuomba nisamehewe, na wewe ulikuwa unakuja hapa na sukari, unakaa kwenye stuli hiyo, unanitazama ninavyosamehewa."

"Tuliogopa baba angekufa," nikasema. Nilisema hivyo kweli. Mpaka hapo bado nilikuwa na sababu.

Aligeuza uso kuelekea jikoni, akaita, "Mama! Njoo."

Mama mkwe akatoka anafuta mikono.

"Sema tena," mdogo wangu akaniambia.

Nikasema tena, yote, tangu duka la pembejeo. Mama mkwe alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akaweka mikono kichwani. Shemeji yangu alipoingia uani na baiskeli yake, hata hajaiegemeza, mdogo wangu akasema, "Mwambie na huyu." Nikasema mara ya tatu. Kisha akanipeleka kwa jirani mwenye mtoto mchanga, yule wa chungu jikoni, akasimama kando yangu, na sikuhitaji kuambiwa. Jua lilipozama nilikuwa nimesema nyumba sita. Alitembea mbele yangu wakati wote, hakugeuka kuniangalia.

Jumatatu hakwenda hospitali. Alikwenda Bonga akamweleza mama mwenyewe, mimi nikiwa kazini na baba akiwa shambani.

Mwaka huu amejifungua tena. Safari hii hakurudi nyumbani kama desturi, alisema chumba cha Bonga hatakikanyaga, kwa hiyo mama ndiye aliyefungasha nguo akamfuata Nakwa. Baba na mimi hatukuitwa. Jumapili iliyopita mama alinipigia kuniambia mahali alipoweka funguo za banda, na nyuma yake nikasikia mtoto analia, sauti kali, yenye nguvu. Nikamuuliza wa kike au wa kiume. Kabla mama hajajibu nikasikia mdogo wangu anasema, "Mama, kata."

Mama akakata.